Msuli Haufyonzi: Uhakiki wa Lugha Tunayoelezea Safari ya Glukosi Mwilini

Miongoni mwa miswada iliyoletwa mezani kwetu katika miezi ya karibuni ni kijitabu chembamba kilichofasiriwa kwa ajili ya wagonjwa wa kisukari na wauguzi wanaowahudumia. Tuliombwa jambo moja tu: kuthibitisha istilahi. Kazi hiyo haikutuchukua muda. Insulini imeandikwa insulini, kongosho ni kongosho, na seli ni seli. Kama wajibu wetu ungekuwa kulinganisha orodha mbili za maneno, tungepiga muhuri siku ileile na kuurudisha mswada kwa mwenyewe. Lakini tulipousoma kama asomavyo mtu asiye na orodha mkononi, tuliona kwamba ile sura inayoeleza jinsi misuli ipatavyo glukosi na jinsi iitumiavyo inasema mambo yasiyo kweli kwa maneno yaliyo sanifu.

Hatumtaji mfasiri wala ofisi iliyomtuma, maana makosa yenyewe si yake peke yake. Yamezagaa katika maandishi mengine ya afya, katika maelezo ya walimu darasani, na katika mazungumzo ya kila siku. Baadhi yake yametoka kwetu sisi watu wa istilahi, ambao kwa miaka mingi tumekuwa tukitoa neno kwa neno, kila neno likiwa limekaa peke yake kwenye mstari wake kama mfungwa katika chumba chake, bila kuuliza neno hilo litasema nini litakapokutana na wenzake katika sentensi. Kwa hiyo uhakiki huu ni wa mswada mmoja, lakini lawama zake tunazigawana.

Tuanze na jambo jepesi. Mswada unatumia neno sukari kila mahali, na glukosi mara mbili tatu tu, kana kwamba mfasiri alikuwa akijikumbusha. Katika maisha yetu sukari ni kitu cha dukani, hupimwa kwa kilo, hutiwa katika chai. Mgonjwa anayeambiwa kwamba sukari imezidi katika damu yake hufikiri kikombe chake cha asubuhi. Ataacha sukari ya chai, kisha ataketi mbele ya sahani ya wali au donge la ugali akiamini kwamba ametii amri ya daktari. Kumbe wanga wa ugali, wa wali, wa muhogo na wa ndizi humeng'enywa tumboni na kuwa glukosi, ilhali hiyo sukari ya mezani ni nusu tu ndiyo glukosi, nusu ya pili ni fruktosi. Damu yote ya mtu mzima mwenye uzito wa kilo 70, akiwa mzima wa afya na hajala, ina glukosi ya gramu 4 hivi, yaani kijiko kimoja cha chai. Mtu akifahamu hilo ataelewa kwa nini mlo mmoja wa wanga, usipopokewa ipasavyo na viungo vya mwili, huweza kuivuruga damu. Tunashauri mwandishi aeleze mara moja, mwanzoni, kwamba glukosi ndiyo ile sukari iliyomo katika damu, kisha aendelee na glukosi hadi mwisho. Jina la ugonjwa, kisukari, tuliache kama lilivyo; limekwisha ota mizizi na halina mbadala ambao watu wangeukubali.

Jambo la pili ni jina la kiungo chenyewe. Katika aya moja tunasoma misuli, katika aya inayofuata mishipa, na katika nyingine nyama za mwili, zote zikikusudiwa kitu kimoja. Tunafahamu mfasiri alitoka wapi. Watu husema mtu amevutika mshipa, au amekaza mishipa, na hawakusudii mshipa wa damu. Lakini mshipa una kazi nyingi mno katika lugha yetu: upo wa damu, upo wa fahamu, na upo ule ambao ni maradhi ya wanaume yasiyosemwa mbele za watu. Sentensi inayosema kwamba mishipa huchukua glukosi kutoka katika damu haiwezi kueleweka, kwa kuwa damu yenyewe imo mishipani. Neno msuli nalo lina pacha wake. Pwani na Visiwani, msuli ni nguo aivaayo mwanamume kiunoni, na wingi wake ni huohuo, misuli. Hatuoni hatari hapo. Hakuna atakayedhani kwamba nguo yake hutumia glukosi. Msuli na ubaki msuli, na mfasiri asiuache hata mara moja kwa ajili ya kupamba lugha. Katika insha, kubadilibadili maneno ni uzuri. Katika maandishi ya tiba ni kosa, maana msomaji akiona neno jipya hudhani ameletewa kitu kipya.

Sasa tufike kwenye kitenzi, ambacho ndicho kilichotufanya tushike kalamu. Mswada unasema kwamba misuli hufyonza sukari kutoka katika damu. Kitenzi hiki kimekwisha zoeleka katika masomo ya baiolojia, ambamo utumbo mwembamba hufyonza chakula kilichomeng'enywa. Mbu hufyonza damu, nyuki hufyonza maji ya maua, na kila afyonzaye huvuta kwa nguvu yake mwenyewe. Kwa utumbo, kitenzi hiki kinafaa kuliko hata wale waliokichagua walivyofikiri, kwa sababu seli za utumbo kweli huvuta: huiingiza glukosi pamoja na sodiamu kwa gharama ya nishati, na huweza kuivuta hata pale ambapo glukosi ni chache ndani ya utumbo kuliko ndani ya seli.

Msuli haufanyi hivyo. Glukosi huingia katika seli ya msuli kwa kuteremka, kutoka katika damu ambamo ni nyingi kwenda ndani ya seli ambamo ni haba. Haba hiyo haitokei kwa bahati. Mara glukosi inapoingia, kimeng'enya huipachika fosfati, na ikiisha kupachikwa haiwezi tena kutoka kwa njia iliyoingilia. Hivyo ndani ya seli glukosi iliyo huru haikai, na mteremko haukomi. Hapana mvuto. Kinachohitajika ni njia ya kupitia, kwa kuwa utando wa seli ni wa mafuta na glukosi haipenyi katika mafuta. Njia hiyo ni protini maalumu zilizokaa katika utando, ambazo huipokea glukosi upande wa nje na kuiachia upande wa ndani.

Msomaji anaweza kusema kwamba haya ni mambo ya wanasayansi, na kwamba muuguzi wa zahanati hana haja nayo. Tungekubali, kama si kwa sababu moja. Tukisema msuli hufyonza, tumeupa msuli uwezo wa kudumu wa kuvuta, kama utambi uvutavyo mafuta ya taa mchana na usiku. Swali la lini msuli hupata glukosi, na kwa nini wakati mwingine haupati, halina mahali pa kuulizwa. Na swali hilo ndilo kiini cha ugonjwa wenyewe.

Tulijaribu vitenzi kadhaa. Kutwaa kuna unyang'anyi ndani yake. Kupokea ni kitenzi kizuri na tulikipenda kwa siku kadhaa, mpaka tulipokumbuka kwamba kipokezi ni jina lililokwisha tumika kwa protini inayopokea insulini kwenye utando huohuo. Mwanafunzi akisikia kwamba msuli hupokea glukosi na kwamba msuli una vipokezi, ataviunganisha viwili hivyo, naye atakuwa amekosea kwa sababu yetu. Kusharabu ni neno la heshima, lakini huandama mkondo uleule wa kufyonza. Mwishowe tulirudi kwenye neno ambalo lilikuwa miguuni petu tangu mwanzo: kuingiza. Glukosi huingia, msuli huingiza. Kiambishi kimoja cha lugha yetu kinafanya kazi ambayo lugha nyingine huhitaji maneno mawili kuifanya. Kwa kuingia tunajua kwamba glukosi hupita kwa mteremko wake. Kwa kuingiza tunajua kwamba msuli ndio uliofanya iwezekane kupita. Tena uingizaji ni neno ambalo watumishi wa serikali wanalifahamu kutoka bandarini, ambako bidhaa haziingii nchini kwa kuwa tu meli imetia nanga.

Kutoka hapo tunaufikia ule mfano wa ufunguo. Mfano huu hauko katika mswada wetu tu. Umeenea dunia nzima, na katika Kiswahili umekaa vizuri mno, jambo ambalo ndilo linalotutia wasiwasi. Husemwa kwamba seli ni nyumba, mlango wake umefungwa, glukosi iko nje, na insulini ndiyo ufunguo. Bila ufunguo hapana kuingia. Ni mfano mwepesi kukumbukwa. Kwa watu wa zama fulani ulikuwa pia karibu na ukweli. Insulini ilipatikana huko Toronto mwaka 1921 kwa kazi ya Banting, Best, Collip na Macleod, na mgonjwa wa kwanza alidungwa Januari 1922; lakini kwa muda mrefu baadaye haikujulikana hasa hufanya nini. Mnamo 1950 Rachmiel Levine na wenzake walionyesha kwa mbwa kwamba insulini huwezesha hata aina ya sukari ambayo misuli haiitumii kuingia katika seli. Kwa hiyo kazi ya insulini ilikuwa mpakani mwa seli. Mlango na ufunguo ulikuwa mfano wa kufaa kwa ujuzi huo.

Mwaka 1980 mfano huo ulipasuka. Makundi mawili ya watafiti, Cushman na Wardzala upande mmoja, Suzuki na Kono upande wa pili, yalifanya kazi mbalimbali na seli za mafuta za panya, yakafikia jambo lilelile: protini zinazopitisha glukosi hazikai zote kwenye utando zikingoja kufunguliwa. Nyingi zimehifadhiwa ndani ya seli, katika vifuko vidogo, na insulini inapofika vifuko hivyo husogea hadi kwenye utando, vikaungana nao, na protini zikatokea mahali pa kazi. Insulini ikiondoka, hurudishwa ndani. Miaka michache baadaye protini yenyewe ya misuli na mafuta ilitambuliwa, nayo hujulikana kwa ufupisho wa GLUT4. Basi hapana mlango uliofungwa wala ufunguo uliotiwa. Kuna wafanyakazi waliokuwa ndani, wakaitwa nje.

Hata hivyo kosa kubwa la ufunguo si hilo. Mfano wowote huchakaa, na mfasiri hawezi kulaumiwa kwa kila ufa. Kosa ni lile neno bila: bila insulini hapana kuingia. Mwaka 1887, miaka 34 kabla ya insulini kujulikana, Wafaransa Chauveau na Kaufmann walipima damu iingiayo na itokayo katika msuli wa uso wa farasi, kwanza akiwa ametulia, kisha akiwa anatafuna majani. Alipotafuna, msuli ulichukua glukosi nyingi zaidi kuliko ulipopumzika. Mwaka 1965 Holloszy na Narahara waliutoa msuli wa chura mwilini, wakauweka katika maji yasiyo na insulini, wakaufanya ujikunje na kujikunjua, nao ukaingiza sukari. Msuli unaofanya kazi hujiitia wenyewe. Kalsiamu inayotoka ndani ya seli wakati wa kujikunja, pamoja na kimeng'enya kinachotambua kwamba nishati ya seli inapungua, ni miongoni mwa mambo yanayozipeleka zile protini kwenye utando kwa njia nyingine, isiyopitia kwa insulini.

Sasa mtazame mgonjwa aliyefundishwa ufunguo. Kama ni wa aina ya pili ya kisukari, ataambiwa kwamba funguo anazo nyingi lakini kufuli zimeshika kutu. Atauliza, na ana haki ya kuuliza, kutembea kutanisaidia nini ikiwa kufuli ni mbovu? Muuguzi atajibu kwamba mazoezi ni mazuri kwa afya, jibu ambalo si jibu. Ukweli ni kwamba kwa mgonjwa huyo njia ya kazi bado ipo. Misuli yake ikitembea huingiza glukosi ingawa haiitiki vizuri insulini. Hilo ni jambo la kumwambia mtu waziwazi. Ni miguu yake mwenyewe, haimgharimu dawa, na mfano wa ufunguo umemficha.

Mtazame tena yule anayejidunga insulini. Amedunga asubuhi, kisha ameshika jembe akaenda kulima. Miito miwili inalia kwa pamoja katika misuli yake, wa sindano na wa jembe, na glukosi ya damu, ile iliyokuwa kama kijiko cha chai au zaidi kidogo, inaweza kushuka haraka mpaka akatetemeka, akatoka jasho, akachanganyikiwa. Tena athari ya kazi haikomi jembe linapowekwa chini. Kwa saa nyingi baadaye misuli huendelea kuitika insulini kwa wepesi kuliko kawaida ikijaza akiba yake, na mtu aliyelima mchana huweza kushukiwa na glukosi usiku akiwa amelala. Kijitabu kinachosema kwamba insulini ni ufunguo, na kikaishia hapo, hakimpi mtu huyu sababu yoyote ya kutazamia hatari hiyo. Kinamwambia funguo ni zilezile alizodunga, jembe au si jembe.

Hatutaki kuandika kosa la upande wa pili. Mfasiri mwingine, akiisha kusoma haya, atakimbilia kusema kwamba kazi ni badala ya insulini. Siyo. Insulini hulizuia pia ini lisimwage glukosi ovyo katika damu, na mtu asiye na insulini kabisa, ambaye glukosi yake iko juu sana na mwili wake umeanza kutoa asidi za ketoni, anaweza kudhurika zaidi akilazimishwa kufanya mazoezi. Ndiyo maana tunasema miito miwili, wala hatusemi mwito mmoja mahali pa mwingine.

Kwa mfano wa badala tunapendekeza bohari ya gatini. Mizigo imefika gatini, lakini mahamali wamo ndani ya bohari wamelala. Akija tarishi kutoka kongosho na barua, wanaamka na kutoka mlangoni, na mizigo inaingia. Na hata tarishi asipokuja, msimamizi wa bohari akiona shehena inatumika na rafu zinabaki tupu, huwaamsha mwenyewe. Mfano huu una walakini wake, kwa kuwa mahamali hupanda na mzigo mgongoni, hali glukosi huteremka. Tunaona walakini huo ni mdogo, kwa sababu haumwelekezi mtu kwenye tendo la hatari.

Ikiisha kuingia, glukosi hufanywa nini? Mswada unajibu kwa neno moja: huunguzwa. Misuli huunguza sukari, mafuta huunguzwa, kila kitu huunguzwa, mpaka msomaji akaanza kusikia harufu ya moshi. Kuunguza kunafaa kwa sehemu moja tu ya habari, pale glukosi inapokutana na oksijeni katika mitokondria na kuishia kuwa maji na hewa ya kaboni dioksidi. Hapo glukosi moja hutoa kiasi cha molekuli 30 za ATP, ambazo ndizo sarafu ya nishati ndani ya seli. Lakini msuli wa mtu anayekimbia mbio fupi kwa nguvu zake zote hausubiri oksijeni. Huivunja glukosi nusu njia, hupata ATP 2 tu kwa kila moja, na hubakiwa na laktati. Huko si kuunguza, ni kuvunja. Na msuli uliopumzika baada ya mlo hauunguzi wala hauvunji sehemu kubwa ya glukosi iliyoingia. Huiunganisha ikawa glikojeni. Hivyo tunavyo vitenzi vitatu, kuunganisha, kuvunja na kuunguza, na vyote vitatu ni Kiswahili cha nyumbani. Sababu ya kuvitupa viwili hatuioni.

Kuhusu nishati hatuna mengi ya kusema. Mswada unaandika nguvu. Mtu mwenye nguvu ni mwenye misuli minene, na mgonjwa aambiwaye kwamba glukosi humpa nguvu ataichukulia kama dawa ya kuongeza mwili. Tanzania husema nishati, Kenya husema kawi. Kijitabu kichague kimoja kufuatana na wasomaji wake, na nguvu iachwe kwa wabeba magunia.

Liko neno jingine ambalo lilitupita katika usomaji wa kwanza, kwa kuwa linaonekana halina hatia. Misuli, mswada unasema, ni ghala la glukosi ya mwili. Kwa wingi wa akiba usemi huu ni sahihi: misuli ya mtu mzima hukusanya glikojeni ya kiasi cha gramu 400, na ini gramu 100 hivi. Lakini ghala ni mahali pa kutolea kama lilivyo mahali pa kuwekea. Serikali ikiwa na ghala la nafaka, wilaya yenye njaa hutumaini kupelekewa. Ini ni ghala la namna hiyo, kwa sababu lina kimeng'enya cha kuiondoa ile fosfati na kuiachia glukosi irudi katika damu. Msuli hauna kimeng'enya hicho. Ulichokiweka umekiweka kwa matumizi yake, na hata ubongo ukilia njaa, msuli hauwezi kutoa glukosi hiyo moja kwa moja.

Waswidi wawili, Bergström na Hultman, walilidhihirisha jambo hili vizuri mwaka 1966 kwa miili yao wenyewe. Waliketi pande mbili za baiskeli moja, kila mmoja akiendesha kwa mguu mmoja mpaka ukachoka, kisha vipande vidogo vya msuli vikachukuliwa kwa sindano kutoka miguu yote miwili. Mguu uliofanya kazi ulikuwa karibu umeishiwa glikojeni. Mguu uliopumzika ulikuwa nayo tele, na haukumkopesha mwenzake hata kidogo, ingawa ni miguu ya mtu mmoja na damu ni moja. Siku zilizofuata, walipokula wanga kwa wingi, mguu uliochoka ulijaza akiba kupita ule wa pili. Walimu watautumia mfano huu kwa faida kuliko ufunguo wowote. Kwa upande wetu, tunataka glikojeni ya ini iitwe akiba ya mwili, na ya msuli iitwe akiba ya msuli, basi. Iko njia moja ya kuzunguka, ile waliyoieleza Carl na Gerty Cori, ambao walipata tuzo ya Nobel mwaka 1947: msuli hutoa laktati, nayo ikifika katika ini hugeuzwa tena kuwa glukosi. Lakini hapo mtoaji wa glukosi ni ini, na msuli umepeleka malighafi tu.

Tumebakiwa na istilahi moja ambayo mfasiri aliitoa katika orodha, na orodha hiyo ni ya watu kama sisi: upinzani wa insulini. Itazameni kwa makini. Upinzani wa wanakijiji ni upinzani walioufanya wanakijiji. Upinzani wa insulini, basi, ni upinzani unaofanywa na insulini. Kumbe maana iliyokusudiwa ni kinyume: insulini ndiyo inayopingwa, na anayepinga ni msuli, pamoja na ini na mafuta. Kiunganishi cha -a kina tabia hii ya kugeuka. Upendo wa mama huweza kuwa wa mama kumpenda mtoto au wa mtoto kumpenda mama, na katika mashairi ni tamu hivyo. Katika zahanati si tamu. Mgonjwa aliyesikia kwamba ana upinzani wa insulini anaweza kuamini kwamba insulini inampinga, na akaiogopa sindano. Tena upinzani, tangu mfumo wa vyama vingi urudi, una benchi zake bungeni, na hatupendi kuyaingiza matumbo ya watu katika siasa.

Neno lipo, na watumishi wa afya hulitumia kila siku wanapozungumzia vimelea na dawa: usugu. Tunapendekeza usugu wa misuli kwa insulini. Ni maneno matano mahali pa matatu. Lakini yanamtaja aliye sugu, yanataja alichokuwa sugu kwacho, na hayamlaumu mtu wala hayamtishi. Wanaodai kwamba istilahi lazima iwe fupi wanasahau kwamba istilahi fupi inayohitaji kuelezwa kwa sentensi mbili ni ndefu kuliko istilahi ndefu isiyohitaji kuelezwa.

Mswada tumeurudisha ukiwa na alama hizi pembeni, na mfasiri, tunafurahi kusema, alikubali kuingiza, miito miwili na usugu. Bohari aliikataa. Alisema wagonjwa wake ni wa bara na hawajaona gati, na kwamba atatafuta mfano kutoka mnadani au shambani. Tumemwachia, kwa kuwa anawajua watu wake.

Lililobaki ni jina la zile protini zenyewe. Mezani kwetu kuna mapendekezo mawili. Kisafirishi kina ubaya wa kumfanya mtu afikirie safari ndefu, na hapa safari nzima ni unene wa utando. Kichukuzi ni kifupi na kinatoka katika kazi ya mahamali, lakini mwenzetu mmoja aliyewahi kufundisha wauguzi anakipinga, akisema kwamba mchukuzi wa ugonjwa ni mtu anayeambukiza bila kuugua, na wanafunzi wataliona neno hilo kuwa na uchafu. Sisi tunaelekea kwenye kichukuzi, tukiamini kwamba ngeli ya ki- inatosha kukitenga na mtu. Wauguzi na walimu wa baiolojia watuandikie kabla kamati haijakutana, na watueleze si neno wanalolipenda tu, bali na jinsi mwanafunzi au mgonjwa alivyolielewa alipolisikia kwa mara ya kwanza.